Ilford Multigrade bila negativi: RC Deluxe na FB Classic kwa kazi ya fotogramu

Karatasi ya picha kwa kawaida hupimwa kwa negativi nzuri: ngozi ya uso imetokaje, mawinguni mmebaki nini, weusi una kina gani. Kwa anayetengeneza fotogramu, maswali hayo karibu yote hayamhusu. Hatumii negativi wala kamera. Kitu kinalazwa juu ya karatasi, mwanga unapigwa, palipofunikwa panabaki peupe na palipo wazi panakuwa peusi. Tumeziangalia karatasi mbili za Ilford zinazotumika sana katika vyumba vya giza: Multigrade RC Deluxe, ambayo msingi wake umepakwa plastiki na ina gramu 190 kwa mita ya mraba, na Multigrade FB Classic, karatasi ya nyuzi isiyo na plastiki, gramu 255. Swali lilikuwa moja: kati ya yale waliyoyafanya wapiga picha wa majaribio kuanzia 1919 hadi miaka ya 1930, zinamruhusu mtu kufanya yapi, na yapi zinamkatalia?

Kwa asiyetaka kusoma hadi mwisho: anza na RC Deluxe. Kwa fotogramu kali zenye vivuli vilivyokatika, huenda usihitaji nyingine. FB Classic inalipa usumbufu wake kwenye mambo mawili tu, nayo ni kijivu cha vitu vinavyopitisha mwanga na solarizesheni (kupiga mwanga wa pili katikati ya kazi ya dawa). Kwa anayetaka kufanya kazi kwa jua, zote mbili ni mbadala dhaifu.

Udhaifu huo unatokana na aina ya karatasi, wala si ubora wake. Christian Schad, alipokuwa Geneva mwaka 1919, alipanga takataka za karatasi na vitambaa juu ya karatasi ya kuchapia kwa jua, akazibana chini ya kioo na kuziacha kwenye mwanga wa mchana. Karatasi ya namna hiyo hujichora mtu akiitazama: inageuka taratibu kuelekea zambarau na kahawia, na mwishoni inahitaji kukaziwa tu, yaani kutiwa dawa inayoizuia isiendelee kubadilika. László Moholy-Nagy na Lucia Moholy walianza na karatasi kama hiyo mwaka 1922 huko Berlin. Man Ray, Paris, alishika njia nyingine: karatasi ya kusafishwa kwa dawa (dawa inayoitokeza picha), ambayo hupigwa mwanga kwa sekunde chache na haionyeshi chochote mpaka iingie kwenye beseni. Multigrade ni ya ukoo huu wa pili. Huwezi kufungua kona ukatazama maendeleo. Unapanga, unapiga, unasafisha, ndipo unajua. Anayelijua hilo mapema hatailaumu karatasi kwa jambo ambalo halikuwa kazi yake.

Mwanga kwanza, maana hapo ndipo karatasi nyingi huharibiwa. Mashine ya kukuzia isiyo na negativi inamwaga mwanga mwingi kuliko watu wanavyozoea. Kwa Multigrade, tundu la lenzi f/11 (namba ikikua, tundu linapungua) na kichwa kilichoinuliwa hadi mwanga ufunike vizuri karatasi ya sentimita 20 kwa 25 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kata ukanda, funika sehemu kwa sehemu, upige sekunde 1, tena 1, kisha 2, 4 na 8, ili jumla ziwe 1, 2, 4, 8 na 16. Usafishe muda kamili. Tafuta sehemu ya kwanza ambayo weusi wake haupitwi na wa sehemu inayofuata. Huo ndio muda wako mfupi kabisa wa weusi kamili, na hesabu zote zinaanzia hapo. Ukiona mistari haitofautiani hata kwenye sekunde 1, funga tundu hadi f/16 badala ya kukimbizana na nusu sekunde; saa ya taa haina uhakika kwenye muda mfupi hivyo, na balbu yenyewe inachukua muda kuwaka hadi nguvu yake yote.

Fotogramu ina faida ambayo picha ya kawaida haina: mandhari, yaani eneo linalozunguka vitu, ikishafika weusi wa mwisho, mwanga zaidi hauiongezi kitu. Nafasi hiyo itumike. Glasi, jani, chachi au manyoya vikipigwa kwa muda mfupi wa weusi kamili hutoka vyeupe mno, kama vimekatwa kwa mkasi. Ongeza mwanga mara mbili, kisha mara nne, na ndani ya kivuli zitaanza kutokea tabaka: mishipa ya jani, unene wa kitako cha glasi, mviringo wa mwanga uliokusanywa na kioo. Gharama yake ni kingo. Mwanga unazidi kupenya chini ya kitu kisichogusa karatasi vizuri, na umbo linakonda.

Hapa RC Deluxe na FB Classic zinatengana. Kwa kitu kisichopitisha mwanga, kama msumari, funguo au gia ya saa, huoni tofauti ya maana. Kwa glasi na chachi, FB Classic yenye uso wa kung'aa, ikikaushwa kwa hewa, inatoa mteremko wa kijivu uliotulia zaidi, na weusi wake hauna ule mng'ao unaokulazimu kuigeuzageuza picha ili uione. Uso wa RC wa kung'aa una weusi mzito pia, lakini huakisi kila taa iliyo karibu. Uso wa lulu unapunguza kero hiyo na kula weusi kidogo. FB isiyong'aa ni nzuri kwa anayetaka kupaka rangi au kuchora juu yake. Kwa fotogramu tupu haipendekezwi, kwa sababu weusi wake hauna kina na fotogramu inaishi kwa weusi.

Jambo ambalo hawa wa miaka ya 1920 hawakuwa nalo ni kubadilisha ukali wa karatasi kwa rangi ya mwanga. Waliinunua karatasi laini au kali, basi. Multigrade ina sehemu zinazoitikia mwanga wa kijani, ambazo hutoa picha laini, na zinazoitikia wa buluu, ambazo hutoa kali; vichujio vya Ilford vinaanzia 00 na kuishia 5. Kichujio 00 au 0 kinarefusha kijivu ndani ya glasi. Kichujio 5 kinafuta kijivu na kubakiza nyeusi na nyeupe. Kuanzia 00 hadi 3½ muda wa mwanga unabaki karibu uleule, na ukifika 4 hadi 5 uuzidishe mara mbili. Kazi nzuri zaidi hutokea ukigawa mwanga: piga kwa 0 vitu vyote vikiwa mahali pake, ondoa kimoja bila kugusa vingine, kisha piga kwa 5 kwa muda mfupi. Kilichoondolewa kinabaki kama pazia la kijivu, vilivyobaki ni vyeupe. Tabaka za namna hiyo, umbo moja likipita nyuma ya jingine pasipo na mbele wala nyuma, ndizo zilizomshughulisha Moholy-Nagy kwa miaka.

Ukali wa kingo haumo kwenye karatasi hata kidogo. Unategemea ukubwa wa chanzo cha mwanga na nafasi iliyopo kati ya kitu na karatasi. Chukua lenzi ya milimita 50 kwenye f/8: tundu lake ni milimita 6.25. Ikiwa juu ya karatasi kwa milimita 500, kitu kilichonyanyuliwa na kioo cha milimita 3 kinapata ukungu wa kando wa takriban milimita 0.04, ambao jicho halioni. Kitu kilekile kikiinuliwa milimita 30, ukungu unafika 0.4. Balbu ya maziwa yenye kipenyo cha milimita 60, ikiwa mita moja juu, inatoa karibu milimita 1.9 kwa urefu huohuo wa 30. Kwa hiyo ukitaka kingo kali tumia mashine, ukitaka kivuli kinachoyeyuka tumia balbu tupu na uinue kitu. Tochi ndogo ikishikwa kwa pembe ya digrii 45 inamwaga kivuli chenye urefu sawa na kimo cha kitu. Ukiizungusha polepole huku ikiwaka, kitu kinapata ukungu upande wa juu huku kitako chake kikibaki kikali. Nyingi ya zile fotogramu za zamani zinazoonekana kama zina kina zimepata kina chake kwa mwanga wa pembeni, na watu huzikosa kwa sababu wanapiga kila kitu kutoka juu.

Sasa taa ya chumba cha giza. Anayechapa picha za kawaida huiacha karatasi chini ya taa hiyo kwa dakika moja au mbili. Anayepanga fotogramu anaweza kuikalisha dakika kumi, huku akisogeza uzi huu na kurudisha pini ile. Ilford hupendekeza kichujio cha kahawia hafifu namba 902 chenye balbu ya wati 15, umbali usiopungua mita 1.2, lakini hakuna taa iliyo salama milele. Dalili yake si kijivu cha wazi. Ni weupe uliopoa, ambao huuoni mpaka uweke kando karatasi iliyokaziwa bila kuona mwanga wowote. Lipime hili sawasawa: ipe karatasi mwanga hafifu wa mashine, kiasi cha kutoa kijivu chepesi, weka sarafu juu yake, iache chini ya taa kwa muda unaotumia kupanga, kisha safisha. Umbo la sarafu likionekana, taa ni kali mno au iko karibu mno. Ule mwanga hafifu wa awali ni wa lazima, kwa kuwa karatasi iliyokwisha kuguswa na mwanga huharibika upesi kuliko isiyoguswa, na jaribio lisilo na hatua hiyo huwadanganya wengi. Tiba iliyo rahisi kuliko kubadilisha taa ni kupanga vitu juu ya kioo safi taa za kawaida zikiwaka, kuzizima, kisha kutelezesha karatasi chini yake.

FB Classic inaleta ugumu wake hapo, kama karatasi zote za nyuzi: kwenye hewa kavu inajikunja na vitu vya mviringo vinabingirika. Kioo cha juu au fremu ya kubana ni lazima. RC hulala yenyewe.

Na RC ndiyo inayofaa kwa jaribio ambalo watu wanalisahau. Man Ray alisimulia kwamba rayografu zake, jina alilozipa fotogramu zake, zilianza pale karatasi ambayo haikuwa imepigwa mwanga ilipoingia kwenye dawa kwa bahati mbaya, naye akaweka juu yake faneli, chombo cha kupimia na kipimajoto, kisha akawasha taa. Picha ikaanza kutokea palepale. Kurudia hilo kwa RC Deluxe ni rahisi: iloweshe kwenye dawa ya kusafishia, itoe, ikamue kwa mpira hadi matone yaishe, ilaze kwenye beseni tupu, weka vitu vya glasi, piga mwanga mfupi. Weusi unapanda mbele yako kwa sekunde chache, na hapo Multigrade humrudishia mtu ile raha ya kuona picha ikijichora. Matone yaliyosalia hayapotei bure, kwani kila moja ni lenzi ndogo na huacha duara lenye ukingo. Usiweke chuma kinachoshika kutu wala kitu kilichoguswa na fiksa, ile dawa ya kukazia. Tone la fiksa likitangulia kufika kwenye karatasi linaacha doa jeupe lisiloweza kuokolewa, na vidole ndivyo vinavyolibeba mara nyingi.

Majani mabichi, chumvi na sukari navyo visiguse karatasi kavu moja kwa moja. Unyevu huvimbisha jelatini, chembe zinanata na zikitolewa zinang'oa utando. Karatasi nyembamba ya plastiki angavu katikati inamaliza tatizo bila kuharibu kingo.

Kuhusu dawa hatuna mengi, kwa sababu maelekezo ya kiwanda yanatosha. Kwa nyuzi joto 20, dawa ya Ilford Multigrade iliyochanganywa 1+9 (sehemu 1 ya dawa kwa 9 za maji) inasafisha RC kwa dakika 1 na FB kwa dakika 2. Dawa ya kusimamisha usafishaji ni sekunde 10. Rapid Fixer ya 1+4 hukazia RC kwa sekunde 30 na FB kwa sekunde 60. RC huoshwa dakika 2 kwa maji yanayotiririka. FB huoshwa dakika 5, ikaingia kwenye dawa ya kusaidia kuosha kwa dakika 10, ikaoshwa tena dakika 5. Usiongeze muda wa fiksa kwa kudhani utakuwa salama zaidi: kwenye FB inazama ndani ya nyuzi, na kuitoa ndiyo kazi. Lita moja ya fiksa hiyo inatosha karatasi 80 za RC za sentimita 20 kwa 25, au 40 za FB. Kosa linalojirudia ni kuitoa picha mapema kwenye dawa ya kusafishia kwa kuogopa isizidi kuwa nyeusi. Kwenye fotogramu hilo linaleta mandhari yenye mabaka, weusi wenye rangi ya tope. Kama weusi umezidi, punguza mwanga. Dawa iache imalize kazi yake. Kumbuka pia kwamba FB huwa nyeusi kidogo ikikauka, hivyo kijivu kilichokupendeza kikiwa majini usikiamini.

Solarizesheni ndiyo sura ngumu. Jina la kazi hii limeshikamana na Man Ray na mpiga picha mwenzake Lee Miller tangu 1929, ingawa mabadiliko yenyewe yalielezwa na Armand Sabatier mwaka 1862. Picha iliyosafishwa nusu inapigwa mwanga tena, kisha inarudi kwenye dawa. Maeneo mepesi yanageuka, na mpakani unatokea mstari mwembamba, kwa sababu bromidi inayotoka kwenye sehemu zinazosafishwa hujikusanya hapo na kuzuia dawa. Mstari huo ndio kila mtu anaoutaka, na kwenye Multigrade mara nyingi unapata kijivu cha majivu badala yake.

Sababu ni mbili. Kwanza, balbu ya kawaida ina umanjano mwingi, kwa hiyo mwanga wa pili unaamsha zaidi sehemu laini za karatasi. Weka kichujio 5 kwenye mwanga wa pili pia, si wa kwanza tu. Pili, dakika moja ya RC ni fupi mno. Nafasi ya kuingilia kati ni sekunde chache. Punguza nguvu ya dawa hadi 1+19 au zaidi, au tumia FB Classic, ambayo hukupa nafasi ya kufikiri. Kinachofuata kinafanya kazi: piga mwanga wa kwanza kwa kichujio 5, pungufu kidogo ya kawaida, safisha hadi theluthi moja au nusu ya muda, iloweshe kwenye maji bila kuisugua, ilaze juu ya kioo na ukamue kila tone. Piga mwanga wa pili kutoka kwenye mashine, ukianza na robo ya ule wa kwanza. Irudishe kwenye dawa uiache itulie, beseni lisitikiswe, maana kutikisa kunafagia ile bromidi. Tone lililobaki juu ya karatasi litaonekana kama pete, na mafuta ya vidole yataonekana kama mkono mzima.

Hata hivyo tusimdanganye mtu. Picha za uso zenye mstari ule safi, nyingi zilifanyiwa kazi hiyo kwenye negativi, kisha zikachapwa kwa utulivu. Anayetaka matokeo hayo afanye solarizesheni kwenye filamu ya bapa kama Ilford Ortho Plus, inayoweza kushikwa chini ya taa nyekundu, na aitumie Multigrade kwa kuchapa. Karatasi inafanya kazi hiyo ya pili bila shida yoyote.

Kwa jua, Multigrade ikiachwa nje kwa dakika 20 hadi saa kadhaa inageuka rangi za kuvutia, waridi, zambarau, kahawia, bila dawa yoyote. Fiksa ikipita, rangi nyingi zinakimbia na kinachobaki ni kahawia iliyopauka yenye tofauti ndogo ya weusi na weupe. Unaweza kuipiga picha kabla ya kuikazia, na wengi hufanya hivyo. Kina cha zile kazi za Schad hakipatikani kwa njia hii. Anayependa rangi ya joto kuliko weusi baridi aangalie Multigrade FB Warmtone, lakini hiyo nayo ni karatasi ya dawa.

Jambo moja la RC linalostahili kusifiwa ni kunakili. Fotogramu ni moja tu. Man Ray alipotoa zile kumi na mbili za Champs délicieux mwaka 1922, nakala 40, ilibidi azipige picha upya ili zizaliane. Njia nyepesi ni kuilaza fotogramu kavu kifudifudi juu ya karatasi mpya, kuibana kwa kioo kizito, na kupiga mwanga kupitia mgongoni. Inatoka kinyume chake, mandhari meupe na vitu vyeusi, na Moholy-Nagy naye alizifanyia kazi zake mageuzi ya namna hii. RC inapitisha mwanga kwa usawa zaidi. Nyuzi za FB huonekana kama chengachenga, jambo ambalo wengine hulipenda. Geuza karatasi kwanza uangalie mgongo: maandishi yoyote ya kiwanda yakiwapo hapo yatachapwa pamoja na picha. Muda utakuwa mrefu mara nyingi kuliko wa kawaida, kwa hiyo anza ukanda wa majaribio kwenye sekunde 8, f/5.6.

Ukinunua, chukua RC Deluxe inayong'aa ya sentimita 20.3 kwa 25.4, kisanduku cha karatasi 100, na FB Classic inayong'aa ya ukubwa huohuo, karatasi 25. Usianze na karatasi kubwa. Kioo chake kinakuwa kizito na mabeseni yanakula dawa. Karatasi za RC zilizoharibika zikate kwa urefu, uzitumie kama vishikio vya kusogezea vitu vidogo bila vidole kugusa utando.